Steshenari ya upande wa soko kuu, Mtwara: kwa wanaoandika mambo ya nyumbani

Kama unaandika Mtwara na bado unatumia kaunta buku na kalamu, kuna steshenari moja upande wa soko kuu naipendekeza kwa moyo wote. Ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine ya kutolea kopi na rafu ya madaftari. Mchapaji ni mama wa makamo, wateja tunamwita mama mdogo. Kuchapa ukurasa ni shilingi 1,000, kuprinti 200, kubaindi 3,000. Mjini hapa kuna kwa bei rahisi zaidi. Mimi nimehamia kwake kwa sababu anajua kufunga mdomo.

Mwandishi wa huku hana mhariri. Msomaji wake wa kwanza ni mchapaji, na mchapaji anakaa mtaa wa pili, au alichezwa unyago pamoja na mama yako. Ukiandika mapenzi ya kubuni hakuna tabu. Ukiandika nyumba yenu, kila ukurasa unaompa una siri ya mtu ambaye hajui kwamba imetoka. Duka nililokuwa nikienda mwanzo, kijana wa pale aliisoma aya yangu kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kopi za vyeti, wakacheka. Ilikuwa aya ya bibi yangu. Nilichukua daftari langu nikaondoka, na nilikaa muda mrefu bila kuandika chochote.

Mswada wangu unahusu mikorosho ya bibi kule Nanyamba, na jinsi mjomba alivyouza korosho zake kwa kangomba zikiwa bado maua. Mwenye fedha anakuja wakati wa shida, kabla ya msimu, anakupa bei anayotaka yeye. Korosho zikianza kudondoka Oktoba, ni zake. Ni marufuku, na tangu msimu wa 2007/2008 kuna stakabadhi ghalani, yaani mkulima anapeleka korosho ghalani, anapewa risiti, kisha zinauzwa kwa mnada, lakini mnada wa mwisho wa mwaka haulipi ada inayodaiwa Julai. Sisi ni Wamakonde, watoto wa dada ni wa mjomba. Yeye ndiye aliyekuwa na kauli juu ya mikorosho ile, na lawama zote akabebeshwa yeye. Ada iliyolipwa ni yangu. Nyumbani jambo hili halitajwi. Mimi nataka litajwe, na litajwe kwa heshima.

Mama mdogo aliichapa sura hiyo kimya, kioo cha kompyuta kikiwa kimeelekea ukutani ili anayesubiri asione. Maneno ya bibi aliyaacha kama bibi anavyosema. Akimaliza anakuwekea kazi kwenye flashi na kufuta faili mbele yako. Sura ya unyago nimeishia mlangoni, maana ya ndani niliambiwa yabaki ndani, na sioni kama kitabu kimepungukiwa. Alipofika hapo alisema tu, "Sawa," akafungua ukurasa mpya.

Swali aliniuliza moja, wateja walipoisha: "Mwanangu, mjomba wako ameusoma huu?"

Nikaupeleka. Mjomba aliisoma sura ile jioni nzima, kidole kikifuata mistari. Bei niliyokuwa nimeandika niliibuni, kwa kuwa hakukuwa na wa kumwuliza. Akasema, "Mpwa, hapa umeandika walinipa 1,000 kwa kilo. Walinipa 600. Andika 600." Siku chache baadaye alinipigia mwenyewe, anataka kunieleza chombo walichokuja nacho kupimia. Marafiki zangu wanaoandika hushikilia kwamba ukiwashirikisha ndugu utabaki na kurasa tupu. Sura yangu imeongezeka, na sehemu nzuri kuliko zote ndani yake ni za mjomba. Sasa nikiuwazia mswada naona kinyago cha ujamaa cha mpingo, ukoo mzima umepandana kwenye gogo moja, na wa chini kabisa aliyewabeba wengine ni yeye.

Nilirudi kubadilisha bei ile. Mama mdogo hakudai hela ya kuchapa, nililipa 200 ya karatasi.

Kasoro zipo. Hana jenereta, kwa hiyo umeme ukikatika kazi inalala. Karatasi zake ni nyembamba, wino unaonekana upande wa pili. Ukitaka nzito nunua mwenyewe uende nazo. Januari shule zikifunguliwa usimpelekee mswada, duka linajaa wazazi na fomu. Mazungumzo ya wahusika anaweza kuyaunganisha kwenye aya moja, hivyo mwekee alama mapema daftarini. Na wanaoandaa miswada kwa ajili ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ile iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023, waende na masharti yameandikwa pembeni, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari, kwa sababu yeye huchapa kwa mtindo wa barua za maombi ya kazi usipomwambia.

Nenda asubuhi, kabla ya saa nne. Andika kwa wino mweusi. Penseli inamchosha macho.