Taa ya kuning'iniza kutoka Darajani, nimeivisha kawa la kufunikia chakula

Kiduka cha vifaa vya umeme, nyuma ya soko la Darajani, mjini Unguja. Kwa shilingi 9,000 unapewa holda ya globu za kuskrubu, waya na plagi ya miguu mitatu. Swichi haimo, unainunua mbali, na hapo sikupapenda.

Mie nimetafuta kawa la ukili kuukuu la bi mkubwa, wekundu umeshapauka, nikalitoboa nchani, nikapitisha waya na kulitundika juu ya meza ya kulia. Kwa vile limelegea, mwanga unapenya kwenye misuko, dari lote madoa madoa kama kanga. Kawa jipya halikupi hivyo. Limekazana mno, mwanga wote unashuka chini.

Globu tia ya LED ya wati 5, yenye mwanga wa manjano. Ile ya zamani ya wati 60 usithubutu: umeme karibu wote inaugeuza joto, na ukili ni majani makavu. Kwenye plagi mlikuwa na fyuzi ya ampea 13; nimetia ya 3, taa haihitaji zaidi.

Waya mfupi, jamani, haufiki hata ukutani! Lakini muuzaji muungwana, alinijaribia holda kabla sijatoa pesa. Nitarudi kwake, ila waya anipimie kwa mita.