Duka la samaki wa mapambo Lubumbashi: matangi yanasifika, mabakuli yaondolewe

Anayetafuta samaki wa ziwa Tanganyika hapa Lubumbashi ana duka moja katikati ya mji linalostahili kutembelewa. Samaki wanatunzwa na watu wanaowajua. Kasoro yake kubwa iko mlangoni, kwenye mabakuli ya kioo, na tutaifikia.

Kwanza frontosa wa Moba, wale wa buluu wenye nundu kichwani. Huyu huishi kilindini, na akipandishwa haraka hewa iliyo ndani ya kibofu chake hutanuka, akaelea tumbo juu. Mzamiaji mwenye subira humpandisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Asiye na subira humchoma sindano ubavuni ili hewa itoke, na bakteria hupita hapo hapo. Samaki wa namna hiyo anaweza kuonekana mzima dukani, kisha akafia nyumbani kwa mnunuzi. Kabla ya kulipa, mtazame kwa ubavu: anatulia sawasawa majini, au anapigapiga mapezi ili asipinduke? Kuna alama nyekundu nyuma ya pezi la kifua? Frontosa wa duka hili wanatulia, na wageni hukaa wiki mbili katika tangi la peke yao kabla ya kuuzwa. Ukimtaka aliyefika jana, hupewi, hata uongeze dola.

Tropheus, samaki wala mwani wa ziwa hilo hilo, nao hawauzwi wawili wawili. “Mama, hawa wawili watauana. Chukua kumi na mbili, ama uache,” ndilo jibu la muuzaji, na ni jibu sahihi. Wakiwa wachache, mbabe humwandama mnyonge mmoja mpaka ammalize; wakiwa kundi, ukali hugawanyika. Chakula chao hapa ni cha spirulina, aina ya mwani mdogo, kwa sababu utumbo wao mrefu umezoea mwani unaokwanguliwa maweni. Ukiwapa moyo wa ng'ombe, matumbo huvimba na unaweza kupoteza kundi zima.

Kila tangi lina thamometa, nyuzi 25 au 26, na pH (kipimo cha uasidi wa maji) ya karibu 8.5 hupimwa mbele ya mteja. Umeme wa SNEL ukikatika, pampu za hewa za betri huwaka zenyewe. Umeme ukichelewa kurudi, sponji za vichujio husuuzwa kwanza katika maji ya tangi ndipo vichujio viwashwe. Maji ya bomba yana klorini, yangeua bakteria wanaosafisha maji.

Ufungaji ni mzuri: theluthi moja maji na iliyobaki oksijeni, mifuko miwili, pembe zimefungwa kwa mpira ili wadogo wasibanwe humo, gazeti kwa nje, na samaki hawajalishwa tangu jana yake. Shida ni maelekezo. Kila mteja anaambiwa aongeze maji ya tangi lake mfukoni polepole kwa saa mbili. Kwa anayekaa Kamalondo, hapa hapa mjini, hakuna neno. Kwa anayekwenda Kolwezi, mji ulio mbali, ni hatari. Njiani pumzi ya samaki hujaza maji kaboni dioksidi, pH hushuka, na amonia iliyokusanyika kutokana na taka za samaki hubaki katika hali isiyo na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, gesi hutoka na pH hupanda. Katika pH ya 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia moja ya amonia yote, katika 8.5 ni kama asilimia 15. Hapo ndipo matamvua huungua. Samaki aliyesafiri saa nyingi aachwe aelee tangini ndani ya mfuko uliofungwa kwa dakika 20 ili joto lilingane, mfuko ufunguliwe, ahamishwe kwa wavu mara moja, na maji ya mfukoni yamwagwe nje.

Sasa mabakuli. Samaki wa dhahabu anauzwa pamoja na bakuli la lita tano, bila pampu wala kichujio, kama zawadi ya mtoto. Samaki huyu hupita sentimita 20, huchafua maji sana, na akitunzwa vema huishi zaidi ya miaka kumi. Mbele ya bakuli moja utamwona akivuta hewa juu ya maji, mdomo wazi, mapezi yamekunjwa. Huyo anakosa oksijeni, ingawa wengi hudhani anaomba chakula. Muuzaji anayemkatalia mteja Tropheus wawili anajua haya yote vizuri kabisa, na ndiyo maana inaumiza. Samaki wa dhahabu mmoja tu anahitaji lita 75 na kichujio kilichokwisha kuota bakteria wanaosafisha maji, kazi inayochukua wiki nne hadi sita. Msinunue bakuli hilo, na mwambieni muuzaji sababu.

Jambo moja haliandikwi popote dukani: frontosa akizidi tangi lako, maana hupita sentimita 30, wanampokea tena kwa bei pungufu. Ulizeni hilo siku ya kununua, na muombe liandikwe kwenye risiti.