Pikipiki ya Zamani ya CG 125: Kuwaka Shida, Nyutro Haipatikani. Ununue?

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Hii iliyosimama hapa ni pikipiki ya zamani yenye injini ya CG 125, na leo naichambua kwa ajili yako unayetafuta iliyotumika. Honda waliitoa mwaka 1976, ujazo wa injini cc 124, na viwanda vingi vya China vimeunda injini kwa muundo huo huo. Kwa hiyo hata kama tangi la pikipiki yako limeandikwa jina jingine kabisa, baki hapa, huenda injini ni hii hii. Valvu zake zinasukumwa na fimbo, haina cheni ya taimingi ya kuziendesha, na kwangu mimi hapo ndipo uimara wake ulipo.

Sasa, ukienda kuinunua utaambiwa inasumbua kuwaka kidogo, na nyutro, yaani hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote, inagoma. Mnunuzi akisikia hivyo anaona gia boksi imekwisha, anaondoka. Usiondoke. Anza na klachi.

Sogeza kamera hapa. Vuta mkono wa klachi taratibu. Ule ulegevu kwenye ncha, kabla waya haujakaza, unatakiwa uwe milimita 10 mpaka 20. Angalieni huu: unatembea karibu nusu ya safari yake ndipo unashika. Maana yake hata ukiuvuta mpaka mwisho, sahani za klachi haziachani vizuri. Injini inaendelea kusukuma gia, meno yanabanana, na mguu ukigusa unatoka namba moja unaangukia mbili, unarudi moja, nyutro unairuka kila mara. Na silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujavuta mafuta, ikiwa juu ndiyo inazidi kubana. Ishushe mpaka mizunguko kama 1,400 kwa dakika.

Kipimo ni hiki. Simamisha kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma liwe hewani, washa, vuta klachi yote, tia namba moja. Tairi likizunguka polepole ni kawaida, oili inalivuta. Kanyaga breki: likisimama na injini ikabaki inanguruma, klachi inaachia. Injini ikizima, klachi inakamata. Kaza waya kwanza, angalia na oili isiwe nzito kupita kiasi, kabla hujakubali kuuziwa sahani mpya.

Kama klachi iko sawa na nyutro bado haikai, zima injini, sukuma pikipiki mbele na nyuma huku unatafuta gia. Ikikataa hata hapo, shaka inakwenda kwenye nyota ya gia, kipande kinachozunguka gia zikibadilishwa, na kile kimkono chenye springi kinachoishika. Kazi hiyo inafanyika kwa kufungua kifuniko cha upande wa klachi. Injini haipasuliwi katikati, kwa hiyo fundi asikutajie bei ya kupasua.

Taa ya kijani nayo inadanganya sana. Nyutro ipo, taa haiwaki, au taa inawaka gia ikiwa ndani, na hiyo ya pili ni hatari kweli. Chomoa waya wa swichi ya nyutro hapa chini ya injini, fungua switi kwa ufunguo, gusisha waya kwenye bodi. Taa ikiwaka, balbu na waya ni wazima, mbovu ni swichi. Na zipo pikipiki ambazo sefu, yaani mota ya kuwashia, haizunguki mpaka swichi hii ikubali au uvute klachi, kwa hiyo mtu anabadilisha betri bure.

Tuje kwenye kuwaka. Injini hizi nyingi CDI yake, yaani kifaa kinachotuma umeme wa cheche kwenye plagi, inakula umeme wa magineti inayozungushwa na injini yenyewe, betri ikifa kiki bado inawasha. Piga kiki mara kadhaa kisha toa plagi. Imeloa petroli? Mafuta yanafika, tafuta moto, yaani cheche ya plagi. Imekauka? Rudi kwenye koki ya mafuta, tundu la hewa la kifuniko cha tangi, na jeti ndogo ya kabureta, ile inayoziba pikipiki ikikaa muda mrefu. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.6 mpaka 0.7. Moto ukikosekana kabisa, usikimbilie kununua CDI: chomoa kwanza waya wa kuzimia, kwa kawaida mweusi wenye mstari mweupe, upige kiki tena. Moto ukirudi, tatizo ni switi au kitufe cha kuzimia, basi.

Ikiwaka ya baridi ila ikishapata moto inagoma, pima tapeti, yaani nafasi kwenye valvu. Milimita 0.08, injini ikiwa baridi. Hapa watu wengi wanaambiwa ringi za pistoni zimekwisha kumbe valvu zimebana tu.

Hukumu yangu: kwa haya yote, nunua, na utumie kuwaka shida na nyutro kupunguza bei. Nisichokubali ni gia inayoruka yenyewe ukiwa unavuta mzigo. Hiyo ndiyo ya kupasua injini, na kwa pikipiki ya umri huu pesa hairudi.

Na mkiwasiliana na muuzaji, mwambie asiiwashe kabla hujafika. Ukifika weka kiganja karibu na bomba la moshi. Likiwa la moto, subiri lipoe ndipo upige kiki mwenyewe.