Paradise nimeiangalia kwa jicho la mlinzi

Niseme kwanza mi ni mlinzi, mwaka wa nne huu nakaa lindo la usiku kwenye jengo la maofisi huku Texas, kwa hiyo sizoni yoyote ya walinzi wa rais lazima niikague 😂 Msimu wa pili wa tamthilia ya Paradise unaanza Februari 23, 2026 kwenye Hulu, ule mtandao wa kuangalizia picha, nikaona bora nirudie ule wa kwanza, sehemu 8 zote, siku mbili za ofu zimeishia hapo.

Stelingi anaitwa Sterling kweli, Sterling K. Brown, anacheza kama Xavier Collins, mlinzi wa rais. Sasa tumezoea picha hizi mlinzi anakimbizana na magaidi mpaka rais apone, hapa rais mwenyewe (James Marsden) anakutwa kafa chumbani sehemu ya kwanza tu, na anayemkuta ni Xavier akiingia kazini asubuhi. Na haiti mtu! Anaanza kukagua chumba peke yake taratibu, mi hapo nikasimamisha kabisa maana kwetu ukikuta hata kioo kimepasuka usiporipoti fasta ukaandika na saa kitabuni, kesho kazi huna. Na wenzake wanakuja kumbana hapohapo. Ila kupeleleza kwao si ajabu, Secret Service, kikosi kinachomlinda rais wa Marekani, ilianza 1865 kusaka watu wa noti feki, kumlinda rais wakapewa baada ya Rais McKinley kupigwa risasi Buffalo 1901.

Mwisho wa sehemu hiyo kuna kitu sikisemi, ukishahadithiwa utamu umekwisha.

Kilichonishika zaidi ni hawa wawili. Xavier alishakula risasi kwa ajili ya huyu bwana, halafu baadaye anamchukia kwa jambo kubwa tu, na bado kila siku anasimama mlangoni kwake, anajua analala saa ngapi na kanywa kiasi gani, salamu zenyewe za kikazi. Brown anaifanya kwa macho tu, haongei sana. Nina bosi mmoja ghorofa ya saba miaka yote hii hajui jina langu ila mi najua siku alizogombana na mkewe, basi.

Ubaya wake wanarudi nyuma nyuma sana, katikati hapo nilisinzia, na yule tajiri Sinatra (Julianne Nicholson) kuna muda anakuwa adui wa picha za zamani, kila kitu kakipanga yeye. Lakini vumilia ufike ya 7, wafanyakazi wa ikulu wanaanza kushtuka kuna watu wanaondoka na wao hawamo. Niliangalia nimesimama.

Naipa 8 kwa 10. Msimu mpya kaongezeka Shailene Woodley, hofu yangu wasimtoe Xavier kwenye ulinzi wakamfanya komando. Jumatatu hiyo unapoanza nshabadilishana zamu na mwenzangu Mganda, anajua naenda kliniki.