Canon 7D Mark II na lenzi ya 70-200 kwenye matope ya Safari Rally: bado iko na maana?

Haya watu wangu, karibuni. Mzigo wa leo ndio huu hapa mezani, Canon EOS 7D Mark II na lenzi yake EF 70-200mm f/2.8L IS II, zote mitumba, na swali mnaloniuliza kila siku ni lile lile, mtu anataka kuanza kupiga picha za magari ya rally, pesa ya kamera mpya hana, je hii ya zamani itamtoa kule Naivasha, Safari Rally inakokimbiwa, mvua ikinyesha? Mimi nasema itamtoa, lakini sharti kubwa haliko kwa kamera, liko kwa ile spidi ya shata unayochagua, yaani muda shata inakaa wazi kuingiza mwanga, na hapo ndio wengi wanapotea, ngojeni tufike.

Kwanza hali ya hewa, manake ndio inaamua ununue nini. Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia ya WRC mwaka 2021, baada ya kukaa nje tangu 2002, ilikuwa mwezi wa sita. Kuanzia 2024 ikaletwa mwezi wa tatu, na mwezi wa tatu nyinyi wenyewe mnajua masika yanakuwa yameshabisha hodi. Sasa lile vumbi laini la Kedong, moja ya njia za rally, lile wanaliita fesh fesh, asubuhi linapanda hadi huoni gari limeenda wapi, halafu mchana mawingu yanashuka, mvua inapiga, lile vumbi lote linakuwa uji. Kwa hivyo siku moja kamera yako inakula vumbi, inakula maji, inakula matope, na mwanga nao umepotea kama ni saa moja jioni na bado ni saa tisa.

Ndio maana mimi siangalii megapikseli kwanza, naangalia mipira ya kuzuia maji. Hii kamera ilitoka 2014, bodi yake ni ya magnesiamu na kwenye vifuniko na vitufe kuna sili za kuzuia maji na vumbi. Lenzi nayo, ya 2010, iko na ule mpira mdogo hapa nyuma inapoingia kwa kamera, mnaona hapa? Huo ndio unalipia. Ukichukua bodi hii ngumu halafu ukaivalisha lenzi ya bei rahisi isiyo na huo mpira, umefunga dirisha na mlango umeuacha wazi. Na tusidanganyane, sili inahimili mvua kiasi, sio kamera ya kuogelea, koti lake la mvua bado unahitaji.

Halafu hapo kwa koti, kuna video nyingi za watu wa ng'ambo wanakwambia wewe chukua tu mfuko wa plastiki, toboa, vaa. Mzee, huku kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na tangu 2020 plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi kabisa ndani ya mbuga za taifa, na Hell's Gate ni mbuga ya taifa, kwa hivyo hio hekima yao waachie wenyewe. Nunua koti la kitambaa la kamera, lile la mikono miwili na kamba mbele. Ukikosa, kata mguu wa suruali ya mvua ya boda boda, funga na raba band kwenye hudi ya lenzi, inafanya kazi safi na hakuna mtu atakuuliza chochote. Hudi yenyewe usiivue hata mara moja, ndio mwavuli wa kioo cha mbele. Ukiwa unangoja gari, lenzi iangalie chini. Kitambaa cha kufutia beba zaidi ya kimoja, kikilowa kinapaka tu matope.

Twende kwa otofokasi. Hapa ndio kamera hii bado inaheshimika, iko na pointi 65 za fokasi na zote ni zile za msalaba, zinazosoma wima na mlalo, na inapiga fremu 10 kwa sekunde. Weka AI Servo, ile modi ya kufuata kitu kinachosogea, toa kazi ya fokasi kwenye kitufe cha shata uipeleke kwa AF-ON huku nyuma kwa kidole gumba, halafu ingia kwenye zile Case, setingi za tayari za namna fokasi inavyofuata. Mvua ikinyesha mimi napenda Case 2, manake inaambia kamera ing'ang'anie gari, isikimbilie nyasi, au matone, au yule jamaa amepitisha simu yake mbele yako. Kama umekaa kwa kona ambapo dereva anafunga breki halafu anakanyaga tena, jaribu Case 4, hio ni ya kitu kinachobadilisha mwendo ghafla. Zile zingine wala zisikusumbue kwa sasa.

Lakini usikandamize mapema! Ukipiga RAW, yaani faili ghafi, bafa, ile kumbukumbu ya muda ya kamera, inabeba kama picha 31, yaani sekunde tatu hivi imejaa na kamera inaanza kusuasua. Gari la kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde tatu limeenda mita 83. Sasa wewe umeanza kupiga likiwa kule kilimani, linafika mahali penyewe pa picha, kwenye dimbwi, kamera yako imelala. Fuata kwa macho, fuata kwa fokasi, vidole vitulie, likikaribia maji ndio unaachilia.

Sasa ile hesabu ya shata niliyowaahidi. Mtu anasikia gari la kasi, anaenda moja kwa moja kwa shata ya 1/2000 ya sekunde. Jua likiwaka sawa. Lakini hapa mawingu ni meusi, ili upate 1/2000 lazima ISO, yaani wepesi wa sensa kunasa mwanga, ipande labda 6400, na kwa sensa hii ndogo ya mwaka 2014 ISO 6400 ni chenga tupu, milango ya gari inakuwa na madoadoa na matope yanapoteza rangi. Na mbaya zaidi, gari limesimama! Magurudumu hayazunguki, matone yameganda hewani, unaona Toyota GR Yaris Rally1 ya dereva Elfyn Evans, aliyeshinda hapa 2025, imekaa kama imeegeshwa nje ya supamaketi.

Teremsha hadi 1/125. Hapo umeokoa stopu nne, kila stopu ni mwanga mara mbili, ISO 6400 ile imerudi 400, picha imekuwa safi bila kulipa shilingi. Halafu kwa 1/125 gari la kilomita 100 linasogea kama sentimita 22 wakati shata iko wazi, kwa hivyo ukiligeukia na kamera kwa mwendo wake, lenyewe linabaki kali na miti ya nyuma inakuwa mistari, magurudumu yanazunguka, matope yanakuwa mikia mirefu. Ile hali mbaya ya hewa uliyokuwa unailaani ndio imekutengenezea picha. Mimi kwa mvua naanzia 1/160, nikizoea nashuka 1/80, na hapo kwa kweli nyingi nafuta, hio ni kawaida, hata usihesabu.

Namna ya kufanya, miguu ielekee pale utakapopigia picha, sio pale gari linapotokea, kiuno ndicho kinageuka. Anza kulifuata mapema, pointi ya fokasi kaa nayo kwa mlango wa mbele pale kwenye namba, bonyeza taratibu na usisimame baada ya kubonyeza, endelea kugeuka nalo hadi lipite. Kwenye lenzi weka kizuia mtikisiko modi ya 2, ile inatuliza kupanda na kushuka tu na inakuachia huru kulia na kushoto. Hilo tu ndilo linafanya nipendekeze lenzi hii kuliko zile za bei nusu zisizo na hio swichi.

Gari likija uso kwa uso ni habari nyingine, kufuata hakukusaidii sana, panda hadi 1/640 hivi uache otofokasi ifanye kazi yake, na taa za gari zikiwa zimewaka kamera inadhani mwanga ni mwingi inatia picha giza, kwa hivyo ongeza mwanga theluthi mbili. Raha ya kamera hii ni kwamba hata kwenye modi ya M, ile ya kuweka kila kitu mwenyewe, ukiwa na ISO ya otomatiki bado inakuruhusu kuongeza hapo. Flashi sahau kabisa, kwanza unammulika dereva machoni, pili matone yote yanang'aa meupe picha inakuwa kama TV ya zamani.

Na mahali pa kusimama jamani, hii sio setingi lakini nitaisema. Usikae nje ya kona. Kwenye matope gari likikataa kukunja linaenda moja kwa moja, na wewe jicho lako liko kwenye kijidirisha cha kamera, lenzi inakudanganya umbali. Kaa ndani ya kona na juu, nyuma ya utepe, mashali, yule msimamizi wa usalama, akisema toka unatoka. Kwa bodi hii, kwa sababu sensa ni ndogo, milimita 200 inaonekana kama 320, kwa hivyo hakuna haja ya kusogea. Helikopta ikianza kuzunguka ujue wa kwanza yuko karibu.

Mazoezi usingoje Machi. Matatu na boda boda zinapita kila siku, simama mbali na lami, siku ya mawingu, piga 1/125 hadi mkono uelewe. Kisha kuna rally za KNRC, mashindano ya rally ya kitaifa ya Kenya, mwaka mzima, watu sio wengi vile na unaweza kuchagua kona yako kwa amani.

Ubaya wake. Uzito, bodi gramu 910 na lenzi 1490, hio ni kilo mbili na nusu kasoro, jioni bega litakuambia, tafuta monopodi, ile stendi ya mguu mmoja. Wi-Fi ya ndani hakuna, kutuma picha kwa simu ukiwa kule kwenye njia ya Sleeping Warrior ni shida. Skrini haikunjuki wala haiguswi, lakini kwa mikono ya matope hilo halinisumbui hata.

Nani asinunue? Mwenye kupiga harusi usiku ukumbini, aachane nayo, zile chenga zitamtesa. Mtu wa video pia atafute kitu kingine. Lakini wewe unayetaka rally, mpira, ndege wa Lake Naivasha, chukua, na lenzi hio ukija kupata pesa utahamia nayo kwa adapta kwenye kamera mpya za Canon.

Ukienda kuitazama dukani, muulize muuzaji hesabu ya shata, yaani imeshapiga picha ngapi, kwenye menyu haionekani, inabidi iunganishwe na programu ya kompyuta, na shata yake ilipimwa kwa mibofyo 200,000. Fungua kifuniko cha memori kadi na cha betri uangalie kama sili zimekatika, zungusha zumu ya lenzi usikilize kama kuna mchanga unakwaruza. Ukisikia mchanga, hata akushushie bei namna gani, mrudishie.