Studio ya harusi Mombasa na mkataba wao: someni ukurasa wa tatu kabla ya kutia sahihi

Nianze na hukumu, mwenye haraka asipoteze wakati. Kama mna shughuli ya kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake peke yao, na mnataka wanawake wenu wastirike, msitie sahihi mkataba wa studio hii kama ulivyo. Jina lao silitaji, mambo yetu hayajaisha.

Binti yangu anaolewa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, inshallah. Kilichonipeleka kwao ni kazi yao, na hapo siwezi kuwadhulumu. Mpiga picha wao ni mwanamke, mstaarabu, anaamkia wakubwa, na hina anaipiga hadi ua la mwisho kwenye ncha ya kidole linaonekana. Niliona albamu ya jirani yetu nikasema huyu huyu ndiye wa mwanangu. Bei yao iko juu lakini sikuona tabu. Tarehe haishikwi bila arbuni, basi nikatuma 20,000 kwa M-Pesa, nikaambiwa nije ofisini kwa mkataba. Ndio utaratibu wao: pesa kwanza, karatasi baadaye.

Ofisini nilimkuta kijana, nadhani ndiye meneja. Mkataba ni kurasa nne, Kiingereza kitupu, herufi za kutafuta kwa miwani. Akaufunua moja kwa moja ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa, mama." Nikamwambia, mwanangu, ngoja nisome. "Hayo ni maneno ya mawakili tu, mama, kila mtu anatia sahihi." Nikavaa miwani, nikasoma.

Mengi ni ya kawaida. Saa za ziada zinalipiwa, na kila mtu wa hapa anajua bi harusi wa Mombasa haingii ukumbini mapema, kwa hiyo hilo lihesabuni kabisa. Albamu itatoka "kwa muda unaofaa", bila kutajwa wiki wala mwezi. Hilo nalo baya, lakini lingezungumzika.

Ukurasa wa tatu ndio ulionitoa jasho. Kwa Kiswahili maana yake ni hii: studio ina haki ya kutumia picha yoyote iliyopigwa kwenye shughuli kwa matangazo yake, mahali popote, bila kuomba idhini tena. Na chini yake, mpiga picha akipata dharura, studio italeta mwingine. Haikusemwa mwanamke. Mwingine tu.

Sasa fikirini kupamba ni nini. Mlangoni tunaweka watu wa kukusanya simu. Wanawake wanavua mabuibui, nywele wazi, shingo wazi, dhahabu zao, wanacheza kwa raha kwa sababu mwenye shughuli amewaahidi hakuna jicho la mwanamume humo ndani. Mwenye shughuli ni mimi. Nikitia sahihi pale, nimetoa sura za mashangazi zangu, za mawifi, za wasichana wa watu, hata za watoto waliokuja na mama zao, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Nikamuuliza, na hizi picha zinahaririwa na nani? Akanyoosha kidevu kuelekea nyuma ya kaunta. Vijana wawili wa kiume, kompyuta mbili. Kwenye skrini ya karibu alikuwa bi harusi wa watu, kichwa wazi, amevutwa karibu hadi jasho la juu ya mdomo linaonekana, na kijana anamsafisha chunusi huku anatafuna muguka. Mimi nilikuwa nimesimama tu kama mteja nikamwona. Yeyote aliyeingia pale angemwona. Mama yake aliahidiwa mpiga picha wa kike, akaridhika, akalipa.

Nikasema kifungu hiki kifutwe. Yule kijana wa mkataba hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Kwani bi harusi wenu ana nini hata asionekane? Wenzenu wanatulipa tuwaweke Instagram." Mbele ya wateja. Kwa mwanamke wa umri wa mama yake. Dadangu ndiye aliyenishika mkono, la sivyo yangesemwa mengine.

Niliporudi nyumbani nilikaa na mpwa wangu aliyesomea sheria. Kumbe si suala la adabu peke yake. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, inasema kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Yaani kabla ya ile karatasi, picha zingekuwa zangu. Ile sahihi aliyonionyesha yule kijana kwa kidole ndiyo ingewapa wao haki ya kuzitumia! Tena Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake ya wazi, na sura ya mtu ni taarifa zake. Si maneno ya vitabuni tu. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Na hao ni watu waliokuwa na nguo zao mwilini, mahali pa wazi. Sembuse mwanamke aliyevua buibui ndani ya milango iliyofungwa?

Baada ya siku chache yule binti mpiga picha akanipigia mwenyewe. Akaniomba radhi kwa niaba ya ofisi, sauti inatetemeka, akasema kifungu kitafutwa na picha za kupamba atazihariri yeye. Moyo ukalainika. Nikamwambia dadangu, watu wazuri hawa, ni yule kijana tu. Nilikuwa tayari kuja hapa kuwasifu.

Mkataba mpya ukaja WhatsApp. Kifungu kipo! Wameongeza mstari: picha hazitatumika iwapo mteja atakataa kwa maandishi ndani ya siku saba baada ya shughuli. Siku saba, nyumba imejaa wageni na vyombo vya watu havijarudishwa, niandike barua ya kuwaomba wasimtembeze mwanangu mitandaoni. Na kile cha mpiga picha mwingine hakikuguswa. Nikampigia binti. "Bosi amekataa, mama. Nisamehe."

Nikadai arbuni yangu. Jibu: hairudi, soma kifungu cha pili. Cha pili cha nini? Cha mkataba ambao sikuutia sahihi! Mtu unafungwaje na karatasi uliyoikataa?

Tumepata mwanamke mwingine, anafanyia kazi nyumbani kwake. Mkataba wake ukurasa mmoja, Kiswahili, umeandikwa kwamba atakayeshika kamera ni yeye, anahariri mwenyewe, anatukabidhi kila kitu na hachapishi picha hata moja pasipo idhini yetu. Nikamwambia aongeze: akiugua, anayekuja badala yake awe mwanamke tunayemjua. Akaandika pale pale kwa kalamu, tukatia sahihi sote wawili pembeni. Picha zake hazifikii zile, mwanga wake ni mkali kidogo. Mwanangu alinuna siku mbili.

Mkiniuliza kama studio ile ningeirudia wakifuta vile vifungu viwili, mwanzoni mwa kuandika haya ningesema ndiyo, kwa ajili ya yule binti. Sasa nimemkumbuka bi harusi wa watu kwenye ile skrini. Hapana. Hata wakifuta. Na 20,000 zangu nazidai bado.