Pawa saplai ya wati 1200, adapta isiyo na ethi, na maneno niliyoambiwa dukani

Adapta ile ninayo hapa mezani. Ilikuwa nyeupe, sasa imekuwa rangi ya kahawa, na tundu lake moja limeyeyuka likaziba nusu. Mpaka leo ukiisogeza puani inanuka. Mama ameniambia niitupe mara tatu. Sitaitupa.

Mie nahariri video za harusi. Anayeishi Unguja anajua Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia ni harusi juu ya harusi, na kila bibi harusi anataka video yake kabla fungate haijesha. Kompyuta yangu ya zamani ilikuwa inajizima kazi ikiwa katikati. Basi kabla ya Ramadhani nikajikusanya, nikanunua vifaa kimoja kimoja, na kwenye duka moja Darajani nikachukua pawa saplai ya wati 1200, kile kifaa cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Sitaki kueleza habari za boksi na namba zake, hizo mtu atajisomea. Nataka kueleza nilivyofanyiwa.

Waya wake ulikuja na plagi ya pini mbili za duara, ile ya Ulaya. Nikamwambia kijana wa dukani, kaka, soketi zetu za pini tatu bapa, hii nitaichomeka wapi? Akavuta droo, akanipa adapta. Elfu mbili. "Hii inatosha dada, watu wote wanatumia hii."

Siku ya kwanza nilipowasha nilifurahi kiasi cha kumwita mama aje aone. Kimya kabisa, haina ngurumo, na kazi ya usiku mzima ikamalizika kwa saa mbili. Siku ya pili nikagusa bati la kasha nikiwa peku sakafuni, ganzi ikanipanda mpaka kwenye kiwiko. Nikadhani mkono umelala. Nikagusa tena. Ni umeme. Na ikawa kila jioni ikikaribia magharibi breka ya juu inakata, puu, giza ghorofa nzima, na kazi ya watu imepotea.

Nikarudi dukani na waya mkononi. Palikuwa na wateja kama wanne. Yule kijana hata hakuushika. Akasema, kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Dada, mashine hii si ya nyumba zenu za Ng'ambo. Wati 1200 hizo! Wenzako Marekani wanavutiwa laini yake mbali. Umeme wenu ndio mbovu. Na mambo haya waachie kaka zako." Watu wakacheka. Nimezaliwa Kikwajuni, hukohuko mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, nimesomesha wadogo zangu kwa kazi hii ya kompyuta, na naambiwa niwaachie kaka zangu.

Tena anajua kwamba kisingizio cha umeme hapa kwetu hakikosi wa kukiamini. Sisi tulikaa gizani mwaka 2008 karibu mwezi mzima, tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa hitilafu ya njia ya waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara. Mtu aliyeyapita hayo ukimwambia umeme ni mbovu, anakubali na kwenda zake. Na mimi nilikubali. Nikaenda zangu.

Wiki hiyohiyo adapta ikaungua. Nilikuwa nimeacha video inajitengeneza, nimeingia kusali isha. Nikasikia harufu ya plastiki. Nikakimbia, nikazima ukutani, moshi mwembamba unatoka. Mtoto wa dada yangu alikuwa amelala chumba kilekile.

Tukamwita fundi, mzee mmoja wa Wete anayeishi jirani. Hakuigusa kompyuta kwanza. Aliishika adapta, akaigeuza, akaniuliza, "Mwanangu, ethi yake iko wapi?" Haina. Ethi ndiyo njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na kwenye adapta ile pini ya tatu ni plastiki tupu. Akanieleza kuwa ndani ya pawa saplai mna vichujio vilivyofungwa kwenye bati, na ethi isipokuwepo bati linabaki na umeme, mdogo lakini wa kukustua. Na mguso wa ndani ya adapta ulikuwa umelegea, ndipo palipopata moto.

Kuhusu breka, alikaa na kalamu. Kompyuta hata ikifanya kazi kwa nguvu inavuta wati 700 hivi. Zile 1200 ni uwezo wa kutoa, haizili zote kila saa. Wati 700 kwa volti 230 ni ampea 3. Birika la mama, wati 2200, ampea 9 na nusu. Kiyoyozi 5. Pasi ya dada anayenyoosha kanzu magharibi, 5 nyengine. Zote kwenye breka moja ya ampea 16. Kwa hiyo kijana alikuwa na ukweli kidogo, nyumba yetu ina tatizo, nakiri. Lakini tatizo ni birika na pasi! Na hayo ya Marekani ni ya Marekani: kule soketi ya kawaida ni volti 120 na ampea 15, wati 1800 tu, ndiyo maana wanahangaika na pawa saplai kubwa. Soketi yetu ya ampea 13 inafika karibu wati 3000. Kasikia maneno ya watu, kaja kunidhalilisha nayo.

Mzee alivuta waya wa unene wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye bodi mpaka pembeni kwangu, na breka yake peke yake, na ethi akaipima mbele yangu. Tukanunua waya wa pini tatu wenye fyuzi ndani ya plagi. Tangu hapo haijakata hata siku moja, hata jioni mita yake iliposoma volti 198 badala ya 230. Ganzi hakuna.

Nilianza kuandika nikisema msiinunue. Haki ya Mungu naona siwezi. Chombo chenyewe ni kizuri, kimenimalizia harusi kumi na moja. Nakipa nyota nne. Lakini duka lililoniuzia adapta ile na kunicheka mbele ya watu, wakati mtoto analala kando ya kitu kinachoungua, silipi hata nyota moja, na hizo nne nikifikiria kuwa pesa yangu iko kwao natamani kuzipunguza ziwe mbili. Nilimpelekea yule kijana picha ya adapta kwa simu. Ameiona. Hajajibu.